Mke Anayenyima Maji

Wiki iliyopita mliniacha kwenye benchi la korido ya hospitali, mimi na mume wangu, tunasubiri kuitwa.

Kwa aliyelikosa gazeti: mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na watu wote, mimi nikiwemo, tunamwita Fundi. Figo zake zimekufa zote mbili. Anaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Sasa mashine za hospitali zimeharibika, imebaki moja, na mgonjwa aliyekuwa anasafishwa mara mbili kwa wiki anasafishwa mara moja. Watu tuliokuwa tunasalimiana nao kwenye benchi lilelile, tumeshaanza kuwazika.

Mimi napiga pasi nguo za watu. Shule niliishia ya msingi. Hayo mnayajua.

Njia ya kupona ilikuwa moja. Kuna namna ya kusafishia damu nyumbani, bila mashine. Mgonjwa anawekewa mrija wa mpira tumboni, maji ya dawa yanaingizwa kutoka kwenye mfuko, yanakaa, halafu yanatolewa pamoja na uchafu. Kila siku, mara kadhaa. Hospitali ilikuwa imebakiwa na nafasi moja tu, na ili muipate lazima muwe wawili, na lazima mpimwe.

"Tunapimwa nini tena?" Fundi alimuuliza nesi wa figo. "Damu si mmeshaimaliza."

Sista hakucheka. "Tunapima kila mmoja anavyowekeza kwenye afya ya mwenzake. Wewe kwake, na yeye kwako."

"Kuwekeza?" nikauliza. "Mimi nilijua watu wanawekeza kwenye viwanja."

"Dada, hapo mwanzo tuliwapa watu mifuko hii wakaenda nayo nyumbani. Wengine wanadunda mpaka leo. Wengine hatukuwaona tena. Tulipofuatilia, ubaya haukuwa kwenye mfuko. Ubaya ulikuwa kwa anayemwangalia mgonjwa nyumbani. Mwingine alichoka kwa sababu mgonjwa mwenyewe hakuwahi kumuuliza hata umelalaje. Kwa hiyo sasa naongea na kila mmoja peke yake, halafu nalinganisha. Majibu yakikutana, mmepata."

Akaingia ofisini kwake. Fundi akaniegemea begani.

"Wewe utafaulu," akasema. "Wewe si mke, wewe ni askari."

Alikuwa na maana yake. Mtu ambaye figo zimekufa, hakojoi. Maji yote anayokunywa yanabaki ndani. Yanakaa miguuni, yanapanda usoni, yanaingia kifuani, na mtu anazama akiwa kitandani kwake, shuka kavu. Ndiyo maana maji yake yanapimwa. Nilikuwa namjazia chupa moja ndogo asubuhi, na hiyo ndiyo siku nzima, na chai imo humohumo.

Midomo ilikuwa inampasuka. Alikuwa ananiomba mbele ya wageni. "Mama, tone tu." Nami nasema hapana, wageni wananitazama kama wamemwona mchawi mchana kweupe.

Sisi wapiga pasi ya mkaa tunanyunyizia nguo kwa mdomo. Unabeba funda la maji, unalipuliza juu ya shati, linatoka kama ukungu. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyokuwa nafanya pale chumbani, mpaka siku moja nilipogeuka nikamkuta Fundi anatazama shati. Si shati alilokuwa analitazama, ni maji. Tangu siku hiyo meza ya pasi niliitoa nje, uani, juani, na mvua ikianza nakimbia na nguo za watu mikononi.

Hilo la meza sikumwambia sista. Sikujua kama ni la kusemwa.

Aliniita mimi kwanza.

"Miguu yake inaanza kuvimba wapi?"

"Kwenye kifundo. Cha kulia."

"Unajuaje?"

"Nabonyeza kwa dole gumba kila asubuhi. Pakibaki shimo, najua ameiba."

"Ameiba nini?"

"Maji, sista."

Hapo alitabasamu kidogo. Akaniuliza chumvi, akaniuliza vidonge, akaniuliza anapoamka anavuta pumzi vipi. Nilijibu mpaka nikajisikia mtu msomi. Nikaanza kukaa vizuri kwenye kiti.

"Sasa tugeuze," akasema. "Yeye anafanya nini kwa afya yako?"

"Afya yangu?"

"Ndiyo. Ukiumwa anajuaje? Anafanya nini?"

"Mgonjwa ni yeye, sista."

"Sijakuuliza mgonjwa ni nani."

Nikatazama dirisha. Nikatafuta, kama mtu anayepapasa mfuko wa gauni huku anajua fika hakutia kitu. Kabla hajaugua? Nikarudi nyuma. Mwaka tuliooana? Nikarudi nyuma zaidi. Sista alikuwa ananisubiri, hana haraka, na ile kutokuwa na haraka kwake ikanitisha.

Nikasema uongo.

"Ananikanda mgongo. Kila jioni nikimaliza pasi. Na ananikumbusha kula."

"Kila jioni?"

"Hakosi."

Nilitaka aonekane mtu. Nilitaka nafasi.

Fundi naye akaitwa. Alikaa humo ndani muda mrefu kuliko mimi, na alipotoka alikuwa anatazama viatu vyake. Sista akampandisha kwenye mzani wa pale mlangoni, akasoma, akamshusha, akampandisha tena.

"Njooni wote," akasema.

Tukaingia. Hakutukaribisha kukaa.

"Majibu yenu hayajuani kabisa. Huyu yuko mashariki, huyu magharibi. Lakini hilo ningeweza kuliacha, watu wanaogopa. Hili la mzani siliachi. Fundi ameongezeka uzito kuliko mtu wa chupa moja kwa siku. Maji yake anapima nani?"

"Mimi," nikasema.

"Basi kuna mawili, dada. Ama hujui kupima, ama hupimi."

Nikamgeukia Fundi aseme neno. Fundi akakohoa, akatazama ukuta.

"Ijumaa nitampima tena," akasema sista. "Akizidi, nafasi nampa mwingine. Sitabishana na mtu."

Njiani nilimuuliza.

"Uliambiwa useme unanifanyia nini. Ulisemaje?"

"Nilisema sijui."

"Hukuweza hata kutunga?"

"Wewe ulitunga?"

Nikaongeza mwendo.

Nyumbani yupo mama mkwe. Alihamia kwetu mwanawe alipoanza kuugua, na kazi yake ni kukaa mlangoni na kuhesabu makosa yangu.

"Mama," nikamwambia kwa adabu, nimepiga magoti, "kuna mtu anampa Fundi maji. Kama ni wewe, niambie tu, sina ubaya."

"Mimi? Ningempa, mwanangu, wallahi ningempa. Lakini ndoo umeifunga kwa kufuli kama sanduku la mahari." Akajifuta jicho lisilo na chozi. "Huyu nimemnyonyesha mimi. Sikujua nitaishi mpaka nimwone ananyimwa maji na mtu aliyemkuta ameshaota ndevu."

"Ni hospitali ndio waliosema."

"Hospitali haimtazami usoni akiomba. Wewe unamtazama."

Nikanyamaza. Na kunyamaza kwangu, kama mnavyojua, ndiko kunakonifanya nione.

Nikaanza kufikiri. Nyumbani hanywi, nina uhakika. Basi anakunywa wapi? Fundi hawezi tena kushika moto wa kuchomelea, lakini kila siku anakwenda karakana, anasema anakwenda kukaa na wenzake asisahau harufu ya kazi. Kesho yake nikajitwika furushi la nguo za mteja nikapita njia ya huko.

Wenzake walikuwa wanakata mageti. Fundi hakuwa nao. Alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha turubai, amekaa kwenye kreti ya soda, na mbele yake ni Mama Barafu.

Wale mliokuwa nami tangu mwanzo mnamkumbuka. Huyu ndiye aliyekuwa mchumba wa Fundi kabla yangu. Posa ilivunjika, mimi nikaingia, na mama mkwe hajanisamehe mpaka leo. Anauza maji ya matunda yaliyogandishwa. Ana jokofu kubwa la plastiki la kubebea barafu, na siku zote yuko nyuma yake, aproni hadi magotini.

Nilimwona akivunja barafu, akiitia kwenye kikombe kikubwa, akimimina maji juu yake. Akampa. Fundi akakishika kwa mikono miwili. Alikunywa macho yamefumba. Sijawahi kumwona mume wangu na uso ule, si kwa chakula changu, si kwa lolote langu. Na yule mwanamke akamfuta kidevu kwa kiganja.

Nikavuka barabara na furushi langu kichwani.

"Hujambo, mwenzangu," nikasema.

Fundi akafungua macho. Mama Barafu hakushtuka hata kidogo. Akaweka mkono kwenye jokofu.

"Sijambo. Karibu kivuli."

"Unamuua mume wangu."

"Mimi?" akasema taratibu. "Mtu anakuja hapa ulimi umemganda kama kiatu kilichoanikwa, mimi nampa maji, halafu muuaji ni mimi? Wewe unayemkausha je?"

"Figo zake hazifanyi kazi. Maji hayatoki."

"Hazifanyi kazi kwa sababu zimekauka. Figo ni chujio, dada. Chujio likiziba unafanyaje? Unalimwagia maji, uchafu uondoke. Hata mtoto anajua. Wewe umelianika juani."

Nilikuwa nimemeza mafundisho yote ya sista, lakini pale yalinikimbia. Alichosema yeye kiliingia akilini kuliko nilichosema mimi. Na aliamini. Hilo ndilo lililonikata maini. Hakuwa anafanya hila. Alikuwa anamtibu.

"Fundi," nikasema, "mwambie."

"Usimlaumu," Fundi akasema. Sauti yake ilikuwa na unyevu ndani. "Nilimwomba mimi. Wewe nilikuomba ukakataa. Nikaenda kwa asiyekataa."

Nikataka kusema neno, silijui lilikuwa lipi, maana hapohapo alianza kukohoa.

Kikohozi hakikukatika. Akashika kifua, akajaribu kusimama, kreti ikaanguka. Pumzi ikawa inatoka na mapovu, na mapovu yale yalikuwa na wekundu. Macho yake yakanitafuta mimi, si yule mwingine. Naliandika hilo kwa sababu baadaye mtaona mengine.

Wenzake wa karakana wakaja mbio wakampakia kwenye pikapu ya kubebea vyuma. Nikapanda. Mama Barafu naye akapanda, akaliacha jokofu lake wazi juani. Njia nzima yeye alikuwa ameshika miguu ya Fundi, mimi kichwa.

Hospitali walimtoa mgonjwa mwingine kwenye mashine wakamuunga yeye. Kidogo kidogo rangi ikarudi. Mama mkwe naye akafika, amevaa viatu viwili visivyofanana, akakaa sakafuni.

Sista akaja. Alikuwa amekasirika kwa utulivu, kama watu wa hospitali wanavyokasirika.

"Kifua kilijaa maji. Mngechelewa kidogo mngeleta maiti. Nani amempa?"

Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe.

Nikisema Fundi alikuwa anakwenda kuomba kwa siri, ataonekana ni mgonjwa asiyesikia, na mgonjwa asiyesikia hapewi mfuko. Nikimtaja Mama Barafu, ni yaleyale, maana hakumfuata nyumbani, Fundi alikwenda kwa miguu yake. Kwa vyovyote Fundi anakosa. Niliona upenyo mmoja tu: kosa liwe la mtu mwingine, na Fundi awe hana hatia.

"Ni mimi, sista," nikasema. "Alilia, nikamhurumia."

Mama Barafu akainua kichwa. Fundi alisikia, najua alisikia, kope zilicheza. Akafumba macho.

Nilidhani sista atanigombeza, nitalia, atanipa nafasi ya pili. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

"Basi wewe huwezi kazi hii," akasema. Hakunigombeza. Alisema kama mtu anayerudisha nguo isiyomwenea. "Nashukuru umesema kweli. Je, ana mtu mwingine?"

Kumbe hesabu yangu sikuifikisha mwisho.

"Yupo," akasema mama mkwe kutoka sakafuni. Akanyoosha kidole. "Huyo hapo. Huyo ndiye angekuwa tangu mwanzo."

"Ni nani kwake?"

"Ni mtu anayemjali."

Sista akatutazama sote mmoja mmoja. "Sisi hatudai cheti cha ndoa. Tunauliza nani anamwangalia. Lakini mke yupo hapa. Dada, unasemaje?"

Fundi alikuwa anavuta pumzi kama msumeno kwenye mbao mbichi. Mtu wa namna hiyo humchagulii mkono wa kumwokoa.

"Mpimeni," nikasema.

Sista akatoka kwenda kuandaa. Nikamshika Mama Barafu mkono, nikampeleka kwenye bomba la kunawia mikono mwisho wa wodi.

"Mapovu yale," akasema. "Yalikuwa ni maji yangu?"

"Yako na ya kabla yake."

"Kumbe ni kweli."

"Ni kweli."

Akaweka mkono mdomoni, akakaa hivyo. Sikumpenda, lakini sikuweza kumchukia vizuri pia.

"Kwa nini umesema ni wewe?" akaniuliza.

"Apate mfuko. Nisikilize, sina muda. Hata akipata mfuko, maji yatapimwa. Atakuomba."

"Akiniomba, nitamnyima vipi? Mimi siwezi, dada. Akinitazama siwezi. Wewe uliwezaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilifikiri kidogo.

"Usimtazame mdomo," nikamwambia. "Mtazame miguu."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayekariri. Halafu akaitwa.

Safari hii sista hakwenda ofisini, kwa kuwa Fundi alikuwa kwenye mashine. Alivuta pazia la kitanda, akamhoji Fundi kwanza kwa sauti ya chini, Mama Barafu akiwa nje. Kisha akamweka Mama Barafu kwenye kiti upande wangu wa pazia, akasahau kuwa nami nipo. Au hakusahau.

Alimuuliza ya miguu, ya chumvi. Mama Barafu alibabaika, akajaribu, mengine akayapata kwa sababu nilikuwa nimemwambia sasa hivi.

"Tugeuze," akasema sista. "Yeye anafanya nini kwa afya yako?"

Nikatega sikio. Nilitaka kusikia naye akipapasa mfuko mtupu. Mungu anisamehe, nilitaka hivyo.

Hakusita hata kidogo.

"Ananinunulia vidonge vya kuongeza damu," akasema. "Ananikataza kunyanyua jokofu, analinyanyua yeye, na alivyo mgonjwa vile. Miguu ikinijaa ananiwekea kreti niipandishe. Na kliniki hajakosa. Ananisindikiza, anakaa na mimi kwenye foleni mpaka naitwa."

"Kliniki ya nini?"

Mama Barafu akaweka kiganja juu ya aproni yake.

"Ya wajawazito, sista."

Mimi ndiye ninayesifiwa mtaani kwa kuona. Naona doa kwenye kola kabla mwenye shati hajalivua. Lakini kwenye kibanda kile nilitazama mkono wenye kikombe tu. Sikutazama chini ya aproni.

Mama mkwe alikuwa ananikwepa macho. Alikuwa anajua.

Sista alivuta pazia. Fundi alikuwa macho.

"Ulikuwa unampeleka lini?" nikamuuliza.

"Mama, si hapa."

"Nimekuuliza lini."

"Siku unazopeleka nguo kwa wateja."

"Uliniambia unakwenda kukaa karakana."

"Nilikuwa nakaa," akasema. "Baadaye."

Sikupiga kelele. Msitegemee niliangusha kitu. Nilikunja pembe ya shuka lake iliyokuwa inaburuta chini, nikaipachika mahali pake, kwa sababu mikono yangu ilikuwa haijapata habari bado.

"Nisikilizeni," akasema sista. "Nikiuliza huku na nikiuliza kule, majibu ya hawa wawili yamekutana kila mahali. Wamefaulu. Lakini huyu bibi amebakiza muda mfupi ajifungue. Akilala uzazini, nani atabadilisha mifuko? Mama hapa macho hayaoni kifuniko cha mpira, na mikono inatetemeka. Nataka mtu wa pili, mzima, nyumba hiyohiyo. Na nje kuna mgonjwa mwingine na mkewe. Wameshapimwa, wamepita, wanasubiri. Nikitoka mlango huu bila mtu wa pili, nafasi nawapa wao."

Mlango ulikuwa na kioo. Nikawaona. Mwanaume amevimba uso, kichwa kimelala begani kwa mwanamke wa makamo. Yule mwanamke alikuwa ananitazama mimi moja kwa moja kupitia kioo. Alikuwa ananiombea nikatae. Sikumlaumu.

"Mwanangu," mama mkwe akaniita. Hajawahi kuniita kwa sauti ile. "Mwanangu, nisamehe bure. Usimwache."

"Mama," Fundi akaniambia mimi. "Tafadhali."

Mama Barafu hakusema lolote. Alikuwa anatazama miguu ya Fundi.

Najua kuna wasomaji watalitupa gazeti hapa. Litupeni. Nilisema nitafanya. Sikusema kwa mapenzi, wala kwa ujinga kama mnavyodhani. Nimemweka mtu huyu hai kwa mikono yangu muda mrefu kiasi kwamba ndiyo kazi ninayoijua kupita pasi. Mtu haachi shati nusu ya kunyoosha kwa sababu mwenye shati hana adabu.

"Ni mimi wa pili," nikasema. "Lakini nilidanganya, sista. Maji sikumpa mimi."

"Nilijua," akasema sista. "Anayempa mgonjwa maji hawezi kukumbuka kifundo cha kulia." Akavuta kiti. "Kaa. Kabla sijakufundisha lazima nikupime presha. Siwezi kumkabidhi mgonjwa mtu atakayeniangukia njiani."

Nikakaa. Akanifunga kile kitambaa kwenye mkono, akapampu, akakitazama kipimo. Akaachia. Akafunga tena. Akahamia mkono wa pili.

"Umepanda ngazi kwa mbio?"

"Sijapanda ngazi."

"Kichwa kinakuuma?"

"Kila mtu kichwa kinamuuma, sista. Ni moshi wa mkaa."

"Tangu lini?"

Nikafungua mdomo nijibu. Nikajikuta nimegeuka kumtazama Fundi, kama vile yeye ndiye angekumbuka. Fundi alikuwa anatazama dari.

Nikataka kuinuka nikanywe maji. Sista akanibonyeza bega.

"Usisimame." Akanibonyeza mguu kwa dole gumba, pale juu ya kifundo, kama ninavyombonyeza Fundi kila asubuhi. Akatoa dole. Sote wawili tukatazama. Shimo lilibaki.

Akaita daktari, hakuita kwa sauti kubwa, lakini daktari alikuja haraka. Walinong'ona. Neno moja tu nililisikia sawasawa, kwa sababu katika nyumba yetu ndilo tunalolisikia kuliko majina yetu.

"Figo."

"Huyu hatoki hapa leo," daktari akasema. "Mtafutieni kitanda. Damu na mkojo viende maabara sasa hivi."

Fundi akajiinua kwenye mto, na mirija ikainuka naye. Nilidhani ananiita.

"Na mimi je, sista?" akauliza. "Mimi nani atanishika?"

Mkono wa sista ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango, na ng'ambo ya kioo yule mwanamke wa makamo alikuwa ameshasimama.